Majani Ambayo Bibi Hakuyamaliza

Majani yameanza kuanguka na bado ni Julai. Jana nilishuka treni Acocks Green, hapa Birmingham, nikapita njia ya nyuma ya maduka ili nisikutane na watu wa darasa letu. Mimi ni mtu wa njia za nyuma, sifichi. Chini kulikuwa na majani makavu yaliyojikunja kama karatasi za peremende. Niliyakanyaga bila kufikiri, yakavunjika, na ile harufu ikapanda: vumbi, na juu ya vumbi kitu kama majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye kichujio. Nikasimama pale pale na begi langu. Nilikuwa na miaka minane tena, na Bibi alikuwa anafagia.

Mwaka ule nao mvua ilitukimbia. Ukiwaambia ndugu zetu wa Tanzania kwamba Birmingham inaweza kukauka wanacheka, wanadhani huku tunalala na miavuli. Lakini ilikauka. Nyasi za uwanja wa michezo ziligeuka rangi ya biskuti. Udongo wa upande wetu wa mji ni mfinyanzi mwekundu, ukilowa unang'ang'ania kiatu, ukikauka unakuwa tofali, na nyuma ya nyumba yetu ulipasuka nyufa ambazo rula yangu ya shule ilizama karibu yote. Nilijua kwa sababu niliitumbukiza, na Mama akanigombeza.

Mwisho wa uwanja wetu huo wa nyuma ulisimama mti. Kwa Kiingereza unaitwa beech. Kiswahili hakikuupa jina, maana kwetu hauoti, kwa hiyo nyumbani tuliuita mti tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Ulikuwapo kabla nyumba haijajengwa. Gome lake lilikuwa la kijivu na laini, unaweza kulipapasa kama shingo ya mnyama mkubwa asiyekujali. Matawi ya upande mmoja yalivuka uzio na kumwekea kivuli jirani yetu Mama Neema. Ya upande mwingine yalikaribia kugusa dirisha la chumba changu, na mchana wa joto lile, wakati watu wa mtaani walilala na vitambaa vya maji usoni, chumba changu kilikuwa na ubaridi wa msikitini.

Bibi yetu alikuja kutoka Kondoa baada ya Babu kufariki. Ni mama yake Baba. Wazazi wangu walitaka akae nasi moja kwa moja. Alikuja na sanduku moja, na ndani ya sanduku, limezungushiwa khanga kama mtoto mchanga, lilikuwamo fagio la chelewa alilolinunua Dar es Salaam akielekea uwanja wa ndege. Mama alipoliona alisema, "Mama, huku mafagio yapo." Bibi akajibu, "Yapo, nimeyaona. Yana vijiti virefu kama ya wachawi."

Kila asubuhi, baada ya chai, alitoka uwanjani, akainama kiunoni, miguu imenyooka, mkono wa kushoto mgongoni, akafagia chini ya mti. Hakuacha jani. Hakuacha kijiti. Alipomaliza, udongo mwekundu ulikuwa mtupu na mgumu, umechorwa mistari ya chelewa kama nywele zilizochanwa, na majani yote yalikuwa ndani ya mifuko kando ya banda la vifaa. Kisha alijifuta jasho na kuutazama uwanja wake kwa kuridhika. Ndilo jambo pekee nililomwona akiridhika nalo katika nchi hii.

Kama na wewe ulikulia nyumba ya Kiswahili ndani ya mtaa wa Kiingereza, utaelewa tatizo langu. Nilisikia kila neno alilosema Bibi. Lakini Kiswahili changu kiliingia, hakikutoka. Kikifika ulimini kilikuwa kizito na kibaya, na nilikuwa nimeshachekwa na binamu zangu kwenye simu, kwa hiyo nilijibu kwa Kiingereza au kwa kichwa. Bibi naye hakuwa na Kiingereza zaidi ya "tenkyu". Baba alifanya kazi za zamu, Mama alikuwa hospitali moja anasafisha wodi, na likizo ilipofika tulibaki sisi wawili mchana kutwa. Aliniita mke mwenzangu, ule utani wa mabibi na wajukuu. "Mke mwenzangu, umekula?" Kichwa. "Mke mwenzangu, huyu mume wetu alituachia urithi gani zaidi ya huzuni?" Sikujua nicheke au la. Nilikimbilia juu chumbani kwangu, si kwa kumkataa. Nilipenda kukaa dirishani nikimsikiliza chini akifagia, fyaa, fyaa, fyaa. Sauti ile ilinitosha. Sikufikiri kwamba yeye haimtoshi.

Siku moja niliwasikia wazazi jikoni. Mama alisema, "Mama hajatulia. Hali vizuri, halali vizuri. Akitaka kurudi tusimzuie." Baba akasema, "Akirudi atakaa na nani?" Hawakumalizia, kwa sababu niliingia kuchukua maji.

Kesho yake nilimpelekea Bibi bilauri ya maji uwanjani. Alikuwa amefagia nusu. Akanywa, akaangalia juu kwenye matawi, akacheka kwa pua. "Mke mwenzangu, nikiyamaliza majani haya, naenda zangu Kondoa."

Sasa hivi najua alikuwa anatania. Ni kama mtu anayesema nikimaliza vyombo hivi nakufa. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nimesikia ya jikoni. Niliyaunganisha mambo mawili yale yakawa kitu kimoja, kigumu kama sheria. Niliinua macho nikatazama majani yaliyobaki juu. Yalikuwa mengi mno, nikapumua. Ningekuwa na Bibi mpaka niwe mtu mzima.

Kisha mti ukaanza kupukutika.

Ilikuwa katikati ya kiangazi. Majani yalikuwa yanageuka kahawia pembeni kama chapati iliyosahauliwa, halafu yanaachia, moja moja, hata pasipo upepo. Bibi aliamka akakuta uwanja umefunikwa. "Huu mti una inda," alisema, akafagia. Mchana yakaanguka mengine. Akafagia tena jioni kabla ya magharibi. Mimi dirishani nilikuwa naona matundu ya anga juu ya mti mahali ambapo jana palikuwa kijani. Watu wengine huwa na kalenda ukutani. Mimi nilikuwa na mti.

Ningeweza kumwuliza. Najua. Neno moja tu: unaenda? Ila hilo neno lilikuwa la Kiswahili, na jibu lake lingekuwa la kweli, na vyote viwili viliniogopesha.

Kwa hiyo nilifanya lililokuwa ndani ya uwezo wangu. Bibi alipokuwa akisali adhuhuri na kujilaza, nilienda nyuma ya banda, nikafungua mifuko, nikayarudisha majani. Niliyabeba kwa mikono miwili nikiyakumbatia kifuani, yananichoma shingoni, vumbi linanipanda puani, na kuyamwaga upande wa uzio wa Mama Neema, kwa sababu upande huo Bibi aliufagia mwisho akiwa amechoka. Asubuhi alisimama pale na fagio lake, ameshika kiuno. "Upande huu hauishi. Upande huu una watoto." Alifagia kidogo, akaacha. Siku zilizofuata alisema upande wa Mama Neema tutaumalizia kesho, na kesho akasema hivyo hivyo, kwa sababu ya magoti. Lundo likawa zito, likanifika juu ya vifundo vya miguu. Nililala usingizi mzuri. Mradi majani yapo, Bibi yupo.

Maji nayo. Bibi hakuweza kuvumilia maji ya udhu yaende kwenye bomba la choo, kwa hiyo alitawadha juu ya beseni, na beseni likamwagwa mtini, kwenye shina, pwaa. Maji ya kuoshea mchele, shinani. Maji ya mboga, shinani. Kondoa alikotoka maji yalibebwa kichwani kutoka korongoni, na mtu aliyeyabeba maji kichwani hayaachi yapotee hivi hivi. Mwanzoni mwa kila asubuhi shina lilikuwa limelowa na linang'aa, na kufika saa nne udongo uliofagiwa ulikuwa umeshayakataa maji yote, yametiririka juu juu hadi kwenye saruji. Bibi alitikisa kichwa. "Tunaunywesha, na bado unakonda."

Halafu tawi likaanguka.

Lilianguka mchana, hakuna upepo, hakuna chochote, kama mtu aliyechoka kubeba. Likatoboa paa la banda. Bibi alikuwa sebuleni pamoja nami. Akasema "Lahaula" akanishika mkono, hakuuachia mpaka muda mrefu baada ya vumbi kutulia.

Mwenye nyumba alikuja jioni. Alikuwa mzee mpole wa asili ya Kashmir, alimsalimia Bibi kwa salamu kamili mkono kifuani, na Bibi alimpenda kwa hilo. Mzee aliuzunguka mti. Aligonga shina kwa vifundo vya vidole. Alimwambia Baba kwamba ataleta mtu wa miti auangalie, na kama umekufa hana la kufanya, utakatwa kabla ya pepo za baridi, maana siku nyingine tawi litamwangukia mtu.

Baba alimtafsiria Bibi. Bibi alisema, "Waukate. Wataniondolea kazi."

Alisema hivyo huku akiutazama mti, na Baba akacheka, na mimi nikaenda chooni nikajifungia. Ukikatwa, majani yameisha. Yote, kwa siku moja.

Kutoka hapo sikungoja tena Bibi alale vizuri. Akigeuka tu, niko nyuma ya banda. Ndiyo maana Mama Neema aliniona.

Lazima nikueleze Mama Neema ni nani. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, mnene, mcheshi, mwimbaji wa kwaya, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, kimechanganyika na Kifaransa. Yeye na Bibi waligombana juu ya Kiswahili kila siku juu ya uzio, kwa furaha. Bibi alimwambia, "Hicho Kiswahili chako kinachechemea." Mama Neema akajibu, "Inachechemea, Mama Mukubwa, lakini inafika. Ya kwako imekaa tu kwa kiti, inajipaka mafuta."

Siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti nikiyasambaza majani chini ya uzio, nikasikia sauti juu ya kichwa changu. "Nani alikufundisha?"

Niliganda. Mama Neema alikuwa ameegemea uzio, ndoo mkononi.

"Hii kazi ya majani. Nani alikufundisha? Kwetu kule tunafanya hivi kwa kahawa. Tunafunika udongo na majani, sababu jua isiupige. Angalia." Akainama kupitia nafasi ya mbao iliyovunjika, akatia vidole ndani ya lundo langu, akafukua, akanionyesha. Juu majani yalikuwa makavu. Chini yake yalikuwa yamelainika, meusi, na udongo ulikuwa na rangi ya nyama mbichi, wenye unyevu, na mnyoo mmoja ulijivuta kurudi gizani. "Unaona? Hapa muti iko inapumua. Na mi namwanga maji yangu ya kufua upande huu, polepole, sababu kivuli iko ya nyumba yangu pia. Lakini huko kwenu..." Alielekeza kidevu kwenye uwanja mwekundu uliochanwa. "Huko Mama Mukubwa anautengeneza kuwa barabara."

Nilitikisa kichwa, ndiyo, hapana, sijui. Nilitamani ardhi inimeze. Na kama kawaida ya watu wazuri wanaozungumza kwa sauti kubwa, hakukaa na jambo lile hata dakika.

"Mama Mukubwa," aliita. "Kuja uone mujukuu yako. Iko na akili kukupita. We unafagia, ye anafunika."

Bibi alitoka na kanzu yake ya kusalia. Alitazama lundo. Alitazama mifuko iliyofunguliwa kando ya banda. Alinitazama mimi, magotini, majani nywele nzima. Alielewa jambo moja haraka: kwamba aliyekuwa akimchezea mchezo wiki hizi zote hakuwa upepo.

"Mke mwenzangu," alisema taratibu. "Mimi nafagia asubuhi, wewe unamwaga mchana. Unanichosha kwa nini?"

Sikuweza kutumia kichwa. Hakuna mtikiso wa kichwa unaojibu kwa nini. Mama Neema alikuwa ananiangalia, Bibi alikuwa ananiangalia.

"Wewe," nikasema. Kiswahili changu kilikuwa kama kutembea na viatu vya mtu mwingine. "Wewe ulisema. Ukimaliza majani unaenda."

"Naenda wapi?"

"Kondoa."

Mama Neema aliondoka uzioni kimyakimya, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Bibi alitafuta mahali pa kukaa, akageuza ndoo, akaikalia. Nikadhani amekasirika. Kisha akasema, na haikuwa sauti ya utani, "Ninyi huku, nikisema neno hamjibu. Nikikuita unapanda ngazi. Nikasema moyoni, hapa hata nikiondoka asubuhi, watajua jioni wakikosa chai."

"Mimi nitajua," nikasema.

"Utajuaje?"

"Nakusikia. Juu. Kila siku nakusikia unafagia."

Alinivuta akaanza kuniondoa majani nyweleni, moja moja, bila haraka, akiyaweka mapajani mwake. Ndipo aliponiambia lililokuwa chini ya fagio. Alisema kwao uwanja usiofagiwa ni uwanja wa msiba. Babu alipofariki hawakufagia siku zote za matanga, majani ya mlangoni yalikaa, na mtu akipita njiani anajua humu kuna maiti au kuna mjane. Siku ya kuondoa matanga ndiyo aliyoshika fagio. "Sasa mimi nimekuja kwa watu," alisema, "nyumba ya mwanangu, mti unamwaga majani kila siku kama wenye msiba. Nitaachaje?"

Hata leo naona alikuwa na haki. Lakini aliinuka akaenda kwenye lundo, akachomeka vidole kama Mama Neema, akakaa navyo ndani ya unyevu ule kwa muda. Baadaye akaita juu ya uzio, "Wewe mama wa Kiswahili cha kuchechemea. Njoo unieleze hiyo kahawa."

Hakuacha kufagia kwa siku moja, nisikudanganye. Asubuhi alitoka na fagio, akasimama, akarudi ndani nalo, akatoka tena. Alikuwa kama mtu anayeacha sigara. Mwishowe akafanya suluhu: alifagia saruji ya mlangoni ing'ae kabisa, mpaka mwenye chuki asione la kusema, na chini ya mti tukayamwaga majani yote ya mifukoni, mimi na yeye, mpaka chini ya ncha za matawi. Tulipofika shinani Mama Neema alipiga kelele kutoka kwake tusilirundikie shina, tuliache lipate hewa, la sivyo litaoza.

Na maji tukayahamisha. Mama Neema alisema mizizi inayokunywa iko mbali, huku pembeni matawi yanapoishia. Bibi alipolisikia hilo alijipiga paja. "Kumbe tulikuwa tunamnywesha ng'ombe mgongoni." Kutoka hapo akawa yeye ndiye fundi, kwa sababu kuyafanya maji kidogo yaende mbali alikujua kuliko sisi sote. Alichukua chupa kubwa za plastiki za maziwa, akazitoboa chini kwa sindano ya moto, matundu madogo mno, akatuagiza tuzikite ndani ya majani kuuzunguka mti. Tulizijaza kwa maji ya udhu, ya mchele, na ya kuoga Baba aliyoombwa ayaache kwenye beseni na akaona aibu. Maji yalichuruzika taratibu sana, huoni kitu. Ukilaza sikio unasikia. Nililaza sikio mara nyingi mno, Mama akauliza kama mtoto anaumwa.

Nilianza kusema. Si sana. "Bibi, hii imeisha." "Bibi, hii bado." Alinirekebisha, nikarudia. Hakucheka hata mara moja, isipokuwa siku niliposema mti ameshiba, akasema basi mwulize kama anataka chai.

Mtu wa miti alikuja mvua ikiwa bado haijaja. Alikuwa kijana mwenye kofia ngumu na kamba begani, alikuja na mwenye nyumba, na Baba alikuwa kazini. Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Kijana alipanda mtini, akashuka na vijiti vichache, akavunja kimoja, pwa, kikavu. Bibi aliona. Kisha kijana akachukua kingine cha upande wa Mama Neema, akakikwaruza gome kwa ukucha, na chini yake kulikuwa na kijani, chembamba kama uzi. Akasema maneno mengi ya haraka, na wote wakanigeukia.

"Anasema haujafa," nikamwambia Bibi. "Umeacha majani... makusudi. Ili maji yasipotee. Ni kama umeacha kula, ili usife."

Bibi alifikiri. "Umefunga?"

"Ndiyo. Umefunga."

"Basi mwambie tunauandalia futari."

Sikujua kumwambia hivyo kwa Kiingereza, lakini mwenye nyumba alikuwa amelidaka neno futari, maana kwao ni iftari, akacheka mpaka akashika mti. Kijana alitazama majani chini, chupa, unyevu. Alisema upande ule una hali nzuri, huu mwingine hana hakika. Angepogoa matawi yaliyokufa, na kabla ya majira ya kuchipua hakuna anayeweza kujua zaidi. Usipochipua, utakatwa. Mwenye nyumba akakubali kungoja.

Nikamtafsiria Bibi, mpaka mwisho, hata neno la kukatwa. Kisha akamwambia Mama jioni ile, wakati wa kupakua, kama mtu anayeomba chumvi, "Lile jambo la tiketi yangu ya kurudi, liacheni kwanza. Nataka nione huu mti utafanya nini."

Mama alisema sawa, Mama. Mimi nilitazama sahani yangu. Haikuwa kusema nakaa. Ilikuwa kusema nangoja. Lakini ilikuwa zaidi ya nilichokuwa nacho.

Mvua zilikuja Oktoba, kisha baridi, na mti ukabaki mifupa. Bibi hakuwahi kuona kitu kama hicho, miti yote ya mtaa kwa pamoja, na aliniuliza zaidi ya mara moja kama watu wa hapa wana hakika. Nilimwambia ndiyo, kila mwaka inarudi. Nilisema kwa Kiswahili na kwa ujasiri mkubwa kuliko niliokuwa nao, kwa sababu huu wetu sikuwa na hakika nao hata kidogo. Machi miti ya wenzetu ilichipua. Aprili ikawa ya kijani. Wetu ulikaa vile vile, na vichomozo vyake vyembamba vya kahawia vimefumba kama vidole vya mtu mchoyo. Bibi alitoka kila asubuhi kuvitazama, amevaa koti la Baba juu ya khanga. Nami sikuuliza, lakini safari hii nilitoka naye.

Vilifumbuka wiki ambayo tulikuwa tumeacha kuongea juu yake. Upande wa Mama Neema kwanza, kisha, siku kadhaa baadaye, wa kwetu, si matawi yote, ila mengi. Majani mapya ya mti ule hutoka yamekunjwa mikunjo kama marinda ya sare, laini mno, na pembeni yana manyoya meupe ambayo huyaoni mpaka jua lipite. Bibi alivuta tawi la chini. Alipapasa jani. Alilinusa. Kisha, kabla sijasema lolote, alilichuma akalitia mdomoni.

"Bibi."

Alitafuna, macho kwenye uzio. "Lina uchachu," alisema. Akachuma jingine.

Mama Neema alikuwa anaanika nguo. "Mama Mukubwa, kweli? Muti imepona leo, we unaila leo?"

"Machanga yanalika?"

"Wazungu wanakula kwa saladi. Nimeona."

"Saladi," alisema Bibi, kwa dharau ya mtu wa nchi ya mlenda, ambako majani hupikwa. "Mke mwenzangu, kalete bakuli."

Nilikimbia. Mama alikuwa jikoni, ametoka kazini, viatu bado mguuni, na aliniona navuta bakuli kabatini. Aliniuliza la nini. Nikamwambia Bibi anachuma mboga.

Mama alishusha kikombe chake. Mwaka mzima Bibi alikula alichowekewa, akasema alhamdulillahi, akaosha mikono. Hakuwahi kuuliza kuna nini, hakuwahi kusema hiki kimezidi hiki kimepungua. Ndivyo mgeni anavyokula. Mama alisogea dirishani, akamtazama mkwewe akiwa amenyoosha mkono mtini, khanga imemwanguka begani, akichagua, akitupa yenye madoa.

"Anachuma nini pale?" Mama alisema, lakini hakuwa ananiuliza mimi.

Bibi aliingia na bakuli halikujaa hata nusu, akaliweka mezani, akafungua kabati la juu bila kuomba, akafunga, akafungua la pili.

"Karanga mnaweka wapi humu?" alisema. "Na wewe, mwanangu, ile mboga yako ya jana ilikuwa na mafuta mengi. Nilikuwa nakustahi tu."